Kodiani Mlangoni pa Karamu

Kufikia saa mbili kasorobo usiku, mzee alikuwa bado ameketi juu ya kreti ya soda karibu na mlango wa jikoni, kodiani yake magotini. Karamu ilikuwa imeanza saa nzima iliyopita katika ukumbi huo wa Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha. Mwenzake, mpigaji wa karing'aring'a, alikuwa amejiegemeza ukutani akiuzungusha ule mviringo wa chuma kidoleni mithili ya mtu angojaye matatu isiyokuja. Ndani, meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeupe, na vijana wanne wenye fidla na selo walikuwa wakipiga Mozart kwa sauti ya chini, sauti iwafaayo watu wanaotafuna.

Ratiba iliyobandikwa mlangoni iliwataja vijana hao kuwa "muziki wa klasiki na wa jadi ya Kiayalandi". Mzee na mwenzake walikuwa "burudani ya kienyeji, dakika tano". Ni neno la ajabu hili, kienyeji. Likiandamana na kuku, bei hupanda. Likiandamana na muziki, dakika hupungua.

Si ajabu Ayalandi kusikika Riruta. Ng'ambo ya Kawangware tu ipo Msongari, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899. Masista wa Loreto walifika Nairobi kutoka Ayalandi mwaka 1921, na katika makaburi ya misheni hiyo amelala Edel Quinn, Mwayalandi wa Lejio ya Maria aliyefariki mwaka 1944. Vijana wale walipoyageukia mapigo ya kasi ya nchi hiyo, wageni waligonga meza kwa vijiko na kukiri kwamba, naam, hiyo ndiyo jadi.

Hakuna aliyeuliza jadi hiyo ilitoka wapi. Kodiani, ambayo leo hakuna awezaye kuitenga na muziki wa Ayalandi, ilisajiliwa Vienna na Cyril Demian mwaka 1829. Fidla ilipata umbo lake Italia. Polka ilizaliwa Bohemia, ikavuka nchi na bahari hadi wakulima wa Kerry wakaifanya yao, na hapana mtu aliyewaambia kuwa wameiba. Mbona basi mwomboko, uliozaliwa kwa njia iyo hiyo, huambiwa ama ni wa kuiga ama ni wa kishamba, na pengine yote mawili katika sentensi moja?

Historia yake si fupi wala si ya mzaha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeupiga marufuku Muthirigu mwaka 1930, wimbo uliowasuta wamishenari na watawala wakati wa mgogoro wa tohara ya wasichana. Ngoma nyingine zikachipuka. Katika miaka ya 1940, Wakikuyu waliokuwa wameziona dansi za Wazungu, wengine jeshini, wengine katika kumbi za walowezi walikotumikia wakiwa na sinia mikononi, walizichukua hatua za waltzi wakazifanyia kazi: kodiani, karing'aring'a, wachezaji wawili wawili, hatua mbili na kuinama. Aliyehudumu karamuni alirudi nyumbani na karamu yake mwenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliijua thamani hiyo. Mwomboko unachezwa ndani ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 kabla ya serikali kuisimamisha.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaujua mjadala huu vyema kuliko wanamuziki. Meza ni ya Kireno, karamu ni ya Kiarabu, na hakuna mgeni aliyedai zitolewe ukumbini usiku ule.

Wakati wa mapumziko, msichana mmoja wa fidla, mkaazi wa Kawangware, alitoka nje kupunga upepo.

"Guka, umetusikia?"

"Nimewasikia. Mnapiga mbio. Wachezaji wataanguka."

"Hakuna anayecheza, Guka. Wanakula."

"Basi hapo ndipo mlipokosea."

Msichana alicheka, kisha akaacha kucheka. Mzee alimweleza kwamba baba yake alirudi kutoka vita vya Burma mwaka 1945 akiwa na koti la jeshi na nyimbo tatu zisizo na maneno, naye akampigia mojawapo polepole, mvukuto ukipumua kama mtu apandaye mlima. Msichana alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaomba irudiwe.

Mfawidhi alipowaita hatimaye, wa kwanza kucheza hakuwa mgeni. Alikuwa mhudumu mmoja, aliyeiweka sinia yake chini bila idhini ya mtu. Kisha kina mama wawili wa makamo waliinuka kutoka meza ya nyuma, wakifuatwa na waume zao waliojifanya kusitasita. Hatua mbili, kuinama. Pale mlangoni fidla iliingia, ikikosea noti ya kwanza na ya pili, ikaipata ya tatu. Haikuwa Mozart wala Ayalandi, na kwa muda usiozidi dakika moja hakuna aliyetafuna.

Mfawidhi aliitazama saa yake. Alikipuliza kipaza sauti mara mbili, akamshukuru mzee kwa "vionjo vya kwetu" na kumkaribisha mgeni wa heshima atoe hotuba. Wimbo ulikuwa katikati. Wachezaji walibaki wameshikana mikono sakafuni, kisha wakaachana, kila mtu akatafuta kiti chake.

Vijana wa fidla walikuwa wametengewa meza. Chakula cha mzee na mwenzake kililetwa jikoni. Hotuba ikiendelea, msichana alitoka na sahani yake, akavuta kreti nyingine, akaketi.

"Guka, ile sehemu ya pili inaingia vipi?"

"Weka sahani chini kwanza," mzee alisema, akaifungua tena kodiani.