Chini ya Kanisa la Mtakatifu Klementi, Roma

Msomaji mpenzi, Mungu akikujalia kufika Roma, usitosheke kulitazama Koloseo tu. Tembea kidogo hata ulione kanisa la Mtakatifu Klementi, Papa wa nne. Mapadre Wadominiko wa Ireland wanalitunza tangu mwaka 1677. Juu ya altare utaona picha ya vijiwe vya rangi: Msalaba wenye njiwa 12, na mzabibu umetambaa pande zote. Zamani watu walidhani kwamba ndilo lile lile alilolitaja Mtakatifu Yeronimo mwaka 392. Kumbe sivyo!

Mwaka 1857 Padre Joseph Mullooly alianza kuchimba. Chini ya sakafu akakuta kanisa jingine zima, la karne ya 4, ambalo lilijazwa kifusi karibu na mwaka 1100 ili jipya lijengwe juu yake. Humo ndimo alimozikwa Mtakatifu Sirili, mtume wa Waslavi, mwaka 869.

Padre hakutua jembe. Mwaka 1867 alikuta, chini zaidi, hekalu la Mithra, mungu wa kipagani. Ni chumba chenye dari kama pango, viti vya mawe kandokando, na altare iliyochongwa Mithra akimchinja fahali. Wafuasi wake walikuwa wanaume tu. Mama na binti hawakuwa na nafasi. Maji yakakijaza chumba hicho, wala hayakutoka mpaka ulipochimbwa mfereji chini ya ardhi, miaka ya 1912 hadi 1914. Hata leo utayasikia yakipita.

Labda wauliza: Je, si aibu Misa kusomwa juu ya mahali pa miungu? Huku kwetu nako swali hili lipo, pale kigango kinapojengwa karibu na mti waliotambikia wazee. Papa Gregori Mkuu alilijibu mwaka 601, alipowaandikia wamisionari wa Uingereza: sanamu zivunjwe, lakini mahekalu yaliyo imara yanyunyiziwe maji ya baraka na kuwekwa altare, ili watu waje kumwabudu Mungu wa kweli mahali walipopazoea. Mimi naona alikuwa na busara kuliko wengi waliokuja baadaye na shoka mkononi.

Ukipanda tena juu, utazame uzio wa marumaru wa waimbaji. Ulitolewa kanisa la chini, nao una alama ya Papa Yohane wa Pili, wa karne ya 6.