Mgeni Njoo, na Mzigo Wako Tuutazame

Sisi sote twaijua mithali ya wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni mithali njema, na Mkristo hana ruhusa ya kuisahau. Lakini kazi yangu ya ubwana mifugo imenifundisha kwamba mgeni ni kitu kimoja na mzigo wake ni kitu kingine. Mgeni apokewe kwa mikono miwili. Mzigo utazamwe kwanza. Jambo hili nimelielewa vizuri zaidi mbali na kwetu, katika Australia ya kaskazini, ambako nilikaa muda kwa masomo na kufuatana na walinzi wa ardhi, wenyeji wa asili wa nchi ile, katika kazi yao.

Pwani ile ni ndefu mno. Toka Broome upande wa magharibi hata Cairns upande wa mashariki ni yapata kilomita 10,000. Watu ni wachache, barabara ni chache, na wakati wa masika njia nyingi hufungwa na maji. Ng'ambo ya bahari ziko Indonesia, Timor-Leste na Papua New Guinea. Upepo huleta nondo na nzi. Mashua huleta matunda, mbegu na nyama. Serikali ilianzisha mpango wa karantini wa upande wa kaskazini mwaka 1989. Lakini maofisa wa mjini, hata wawe hodari namna gani, hawawezi kukaa katika kila ghuba. Nani basi awezaye kulinda nchi kama ile, ila wenye nchi?

Walinzi hao ni Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres, wanaume kwa wanawake. Toka mwaka 2007 serikali kuu ina mpango maalum wa kutoa fedha za mishahara yao. Wanaweka mitego ya nzi wa matunda. Wanachunguza miti katika bustani za vijiji. Wanasaidia kutoa damu ya ng'ombe na ya nguruwe pori ili ipimwe. Wanatafuta sisimizi wageni, na wanaokota nyavu mbovu zinazotupwa na mawimbi. Si kazi ya kupigiwa makofi. Ni kazi ya jua, mbu na matope, na mamba wako karibu.

Siku moja nilikuwa nikifuatana na mama mmoja mtu mzima katika bustani iliyoachwa. Akasimama mbele ya mndimu, akageuza jani moja na kunyamaza. Kisha akasema, "Jani hili silijui." Mimi niliona jani tu. Wenzake wakalitia katika mfuko, wakaandika mahali na tarehe, likapelekwa kwa wataalamu. Jibu liliporudi lilisema si ugonjwa wa hatari. Nikamwambia, "Pole, mama, kwa kazi ya bure." Akacheka, akanijibu, "Jibu la namna hiyo nataka nilipate kila siku." Tena alikuwa na haki ya kutazama sana. Mwaka 2018 ugonjwa mbaya wa michungwa na mindimu ulionekana katika jimbo lile, na kazi ya kuutafuta na kuing'oa miti iliendelea hata mwaka 2021 ndipo ukatangazwa kwamba umekwisha.

Mimi nilikuwa nikitafuta hasa habari za nguruwe. Ninyi mnaofuga mwajua kwa nini. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa na wataalamu mara ya kwanza huko Kenya, mwaka 1921. Binadamu haimdhuru, lakini nguruwe wa nyumbani humwua upesi, na dawa ya kuitibu hakuna. Ngiri wa porini huibeba pasipo kuugua. Ilipoingia kijijini kwetu, niliona mabanda yakibaki wazi kwa juma moja. Mjane mmoja alikuwa na nguruwe sita, na hao sita walikuwa ndiyo ada ya shule ya binti yake. Walipokufa, binti alikaa nyumbani. Hakuna aliyeleta ugonjwa ule kwa chuki. Ulifika ndani ya kapu, kama nyama ya zawadi.

Ugonjwa huo huo umesafiri. Mwezi wa Septemba 2019 ulithibitishwa Timor-Leste, nchi yenye Wakatoliki wengi, ambako nguruwe ni heshima ya arusi na ya mazishi. Mwezi wa Machi 2020 ukathibitishwa Papua New Guinea. Na kutoka pwani ya Papua New Guinea hata kisiwa cha Saibai, kilicho cha Australia, ni kilomita nne hivi tu. Mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1978 huwaruhusu watu wa vijiji vya pande mbili kuvuka kwa desturi zao bila pasipoti, kutembelea jamaa, kuvua na kubadilishana vitu. Wao ni ukoo mmoja. Lakini mizigo hukaguliwa, na wakaguzi wengi ni wenyeji wa visiwa vile vile.

Kijana mmoja wa huko alinisimulia jinsi mjomba wake alivyovuka na kifurushi cha nyama ya nguruwe kwa ajili ya sikukuu. Nikamwuliza, "Hukuona haya kumnyang'anya mjomba wako?" Akanijibu, "Niliona. Nikamwamkia kwanza, nikamketisha, nikamweleza. Nyama ikachomwa moto. Halafu nikampeleka nyumbani, mama akampikia. Angekataliwa na mtu asiyemjua, angelala na hasira." Nimelifikiri sana neno hili. Sheria ilikuwa ile ile, lakini ilitoka katika kinywa cha mpwa.

Tena tukumbuke kwamba watu hawa kwa muda mrefu walihesabiwa kama hawana nchi. Ni mwaka 1992 tu ambapo mahakama kuu ya Australia, katika kesi ya Eddie Mabo wa kisiwa cha Mer, ilikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi yao kabla ya wageni kuja. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipokutana nao Alice Springs mwezi wa Novemba 1986, aliwasifu kwa jinsi mababu zao walivyoishi vema na nchi ile. Mwenye shamba ndiye aamkaye usiku akisikia kishindo. Ukimdharau, umejinyima mlinzi.

Na sisi je? Hatuna haja ya kungoja karantini ya serikali katika kila njia ya mguu. Nguruwe akifa ghafula, usiuze nyama, wala usimpe jirani. Mzike kwa kina, ukamwite bwana mifugo siku ile ile. Mabaki ya chakula yachemshwe sana kabla ya kuwapa nguruwe. Usilete nyama wala nguruwe kutoka kijiji chenye ugonjwa, hata kama ni mahari. Hali kadhalika miche ya migomba: ndugu zetu wa Kagera na Uganda wanajua jinsi mnyauko unavyosafiri pamoja na zawadi ya mche na kwa panga lisilosafishwa.

Wazazi, wafundisheni watoto kuyajua majani ya shamba na sura ya mnyama mzima, wapate kusema mapema, "Hili silijui." Na shemeji akija na kapu, mwamkieni, mpeni kiti na maji ya kunywa. Kisha mwulizeni kwa upole nyama hiyo imetoka wapi. Kumwuliza si kumnyima heshima. Huenda pale jirani pana mjane mwenye nguruwe sita.