Neti au Spika?

Kesho alfajiri mimi na mshkaji wangu (jina kapuni) tunatoka hapa Kambarage na Boxer moja: Tinde, Kahama, Kakola, hadi Geita. Kuna rashi, tutalala porini wiki tatu.

Shida ni mzigo. Watu wawili, keria moja! Turubai, sururu, karai, tyubu ya akiba, pampu na michembe ya mama, hivyo havina mjadala. Ubishi ni mmoja tu: yeye anataka spika, mimi nataka neti. Eti rashi hakuna pa kutundika neti.

Mwaka jana alisema hivyohivyo, nikamsikiliza kama fala. Siku ya tisa malaria ikanilaza. Mgao wangu wa mawe wote ukaishia kwenye dripu, na nauli ya kurudi mama aliuza mbuzi. Mbuzi huyo sijamlipa mpaka leo, na mama hajawahi kuniuliza. Hapo ndipo panaponiuma.

Jioni hii nimefunga mzigo mwenyewe. Neti nimeiviringisha ndani ya turubai, nikakaza na mpira. Spika yake iko chini ya kitanda changu. Hajajua bado, tukifika Kakola nitamwambia.