Bwawa la Samaki Katika Baridi ya Mogogosiek



Anayetaka kuijua baridi ya Mogogosiek na atie udhu huko alfajiri. Mwishoni mwa Agosti, wakati sisi wa pwani twaagana na kipupwe, nilikwenda kumzuru binti yangu anayesomesha huko Konoin, Kaunti ya Bomet. Nilipita Nairobi, Narok na Bomet, nikashuka Litein, kisha nikapanda gari dogo lililokwea katikati ya mashamba ya chai. Nchi hiyo iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Chai imetandazwa vilimani kama busati, na harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani huwafuata watu hadi majumbani mwao.

Safari yangu ilikuwa na jambo. Mamake alinituma nikamrudishe nyumbani. Mwezi mzima wa Julai binti alipiga simu akilia kwa baridi na upweke. Njia nzima nilikuwa nikizipanga nasaha zangu, kama mtu anayepanga hotuba ya Ijumaa.

Binti amepanga chumba kwa mama mmoja Mkipsigis, mjane. Alinipokea kwa "Chamgei", akanikaribisha kwa chai ya maziwa, akaniita Baba Mwalimu. Nyuma ya nyumba yake pana bwawa la samaki. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la ubunge kati ya majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300. Si machache yaliyoachwa yakaota nyasi. La mama huyu lingali na maji, na ndani yake mna perege, ambao huko bara huitwa tilapia au ngege.

Alinieleza kwamba mwaka uliopita, katika baridi kama hiyo, samaki walizubaa wakaacha kula. Akawaonea huruma, akawazidishia chakula na samadi. Siku ya tatu alfajiri aliwakuta wametoa midomo juu ya maji wakitweta, na jua lilipopanda wengi walikuwa wameelea. Ilikuwa ndiyo karo ya mwanawe wa sekondari.

Sababu yake yafaa kujulikana na kila anayefuga samaki, hata wa mapambo uani. Samaki hana joto lake mwenyewe; mwili wake hufuata joto la maji. Perege hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 hamu yake hupungua, na chakula asichokila huzama kikaoza. Kuoza huko hula oksijeni ya maji. Usiku nao, ule mwani mdogo unaoyapa maji rangi ya kijani hutumia oksijeni badala ya kuitoa, na ndiyo maana mauti huja alfajiri.

Sasa mama huyo ana kipimajoto alichokifunga kwa uzi. Asubuhi niliyokuwapo kilisoma 17, adhuhuri 21. Wakati wa baridi huwapa samaki chakula mara moja tu kwa siku, kati ya saa sita na saa nane mchana, kiasi cha kumalizwa kwa robo saa. Kikibaki, kesho hupunguza. Baridi ikianza kuondoka hatoi karamu. Kwanza huopoa majani yaliyooza, kisha huyabadilisha maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, asiwashtue samaki kwa maji ya kijito yaliyo baridi zaidi. Akiwaona wanatweta, husimamisha chakula kabisa na kuyaachia maji mapya yaanguke kutoka juu ya mfereji, yaingie na hewa. Juu ya bwawa ametandika wavu kuwazuia ndege.

Binti aliniuliza suali ambalo huenda nawe msomaji unalo: samaki wanaofugwa kwa samadi ya ng'ombe, ni halali? Samaki ni halali bila ya kuchinjwa, wa baharini na wa maji matamu. Samadi, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni najisi. Lakini hutiwa ili kuotesha mwani, na mwani ndio uliwao na samaki. Mnyama aliyelishwa najisi hata nyama yake ikabadilika harufu au ladha, ni karaha kumla mpaka alishwe kilicho safi na athari iondoke. Mama huyo, bila ya kusoma fikihi, husimamisha samadi wiki kadhaa kabla ya kuvua, kisha huwaweka samaki katika maji safi ili watoke harufu ya tope. Tuliwala kwa ugali na sukumawiki, alhamdulillahi, nyama ikiwa tamu.

Jioni ile nilimwita binti yangu ili nimpe zile nasaha. Nikakumbuka samaki waliouawa na huruma. Nikanyamaza, nikamuuliza tu: "Wewe wataka nini, mwanangu?"

Akafikiri kitambo. "Baba, Julai ningalikufuata siku hiyo hiyo. Sasa kumeanza kupata joto, na nina watoto wanaongojea mtihani. Niache nimalize mwaka. Lakini piga simu kila Ijumaa, si kila siku."

Nilimpigia mamake simu usiku huo. Hakufurahi, mzazi hafurahi mara moja. Lakini aliposikia sauti ya mwanawe haina kilio, alisema atamtumia sweta na kopo la achari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, na atujaalie kujua kiasi cha kutoa na wakati wa kutoa. Wabillahi tawfiq.