Kibaya Chajitembeza

Mwaka juzi nalipokea barua ya sifa nyingi: jarida moja la elimu lataka makala yangu, nalo litaichapa baada ya siku tatu. Nalikuwa nimeandika habari za wadudu waharibuo mahindi yetu, kazi ya miaka minne; nikafurahi, nikachukua fedha ya karo ya mwanangu niwalipe ada. Mwalimu mwenzangu akaniuliza, “Ni wataalamu gani watakaoipima kwa siku tatu?” Nikakosa jibu.

Ndipo aliponisimulia jinsi John Bohannon wa Marekani alivyotunga makala ya uongo juu ya dawa ya saratani, yenye makosa ya wazi, akayapelekea majarida 304. Habari zake zilitolewa mwaka 2013: majarida 157 yaliikubali!

Ada si dhambi. Majarida ya kweli mengi huitoza. Walakini ulizeni kwanza: Wahariri ni nani, nao wenyewe wakiri? Ada yatajwa mapema? Nani hupima makala? Maana mgonjwa aweza kuiamini dawa ya mwongo.

Karo nalirudisha, makala ingali mezani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.