Kidonda Chini ya Kofia

Mimi nilizaliwa na ualbino. Tangu nilipoanza darasa la kwanza mama alinivika kofia ya ukingo mpana, akaniambia kwamba ngozi yangu haina rangi ya kunikinga na jua. Nilimtii. Lakini mwaka jana kofia hiyo nusura iniponze, wala kosa halikuwa la kofia.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilitokwa na kigaga utosini, ukubwa wake kama punje ya hindi, kikavu na kigumu. Kila nilipokibandua kilitoka damu, kisha kikarudi. Nilidhani ni mapunye, nikapaka dawa ya dukani. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Sikumwambia mtu, maana niliogopa wenzangu wasije wakanikimbia. Nikawa navaa kofia hata bwenini.

Jumamosi moja tulikuwa tukinyoana. Rafiki yangu akasimamisha mkono, akasema, "Ndugu yangu, hiki si cha kunyolewa. Twende kwa matroni." Nilikasirika, lakini tukaenda. Matroni aliniuliza swali moja tu: "Kina muda gani?" Nilipojibu kwamba kina miezi mitatu, aliandika barua saa ile ile.

Baba alinipeleka Hospitali ya KCMC, Moshi, penye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Daktari alikitazama kidonda, kisha akanipapasa shingoni na nyuma ya masikio akitafuta tezi zilizovimba, kwa kuwa kansa ya kichwani huweza kuenea huko. Alisema hawezi kukata shauri kwa macho peke yake. Alinichoma sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo kikapimwe kwa darubini.

Majibu yalipokuja, kumbe ni kansa ya ngozi iletwayo na jua. Baba alinyamaza, mimi nililia. Baadaye walikiondoa kidonda chote pamoja na ngozi nzima kidogo iliyokizunguka. Kipimo kilionyesha kwamba kingo zilikuwa safi. Sasa narudi kila baada ya miezi mitatu, nikakaguliwe kichwa chote.

Wasomaji wapenzi, kofia ni ya kuzuia jua, si ya kuficha kidonda. Kidonda cha kichwani kisichopona kwa mwezi mmoja, chenye kingo ngumu, kinachokua au kutoka damu ovyo, kionyesheni hospitalini. Nanyi wenye ngozi nyeusi msijione mmesalimika: kovu la zamani la moto likifanya kidonda kisichopona, nalo lipimwe.

Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Hakuna aonaye utosi wake mwenyewe. Mimi utosi wangu ulionwa na rafiki, nami namshukuru kwa kunikasirisha siku ile.