Molekuli Zilizoshindwa

Kazi yangu ni kutengeneza molekuli, na karibu zote hufia mikononi mwangu. Nasema hivyo bila majonzi, maana ndivyo kemia ya dawa ilivyo. Watu wakisikia kwamba natafuta dawa mpya za malaria hudhani nashinda nikichemsha mizizi au nikichungulia darubini. Ukweli ni kwamba nashinda mbele ya kabati la kioo linalofyonza mvuke, naunganisha vipande vya kemikali, nasafisha kilichopatikana na kukikausha mpaka kibaki unga wa miligramu chache. Unga huo naupeleka chumba cha pili, kwa wenzangu wanaofuga vimelea ndani ya chembe nyekundu za damu. Baada ya saa 72 jibu hurudi. Mara nyingi jibu ni kwamba vimelea ni vizima na vinazaliana.

Nilisomea kemia Dar es Salaam, nikaenda Cape Town kwa shahada ya uzamili, na huko ndiko nilikobaki. Nilikuwa katika kazi hii kabla ya akili mnemba kuingia maabara, na nimo bado. Kila nikirudi nyumbani naulizwa kama siku hizi kompyuta inatengeneza dawa yenyewe. Haitengenezi. Kabati la kioo liko palepale na mikono ni ileile. Kilichobadilika ni kitu ambacho magazeti hayakiandiki kwa sababu hakina mvuto: zile molekuli zangu zilizokufa sasa zina thamani.

Zamani hazikuwa na thamani yoyote. Idadi ya molekuli ndogo zinazoweza kufikiriwa kuwa dawa hukadiriwa kuwa 1 ikifuatwa na sifuri 60, na hakuna maabara itakayozimaliza. Kampuni kubwa zilikuwa na dawa ya tatizo hilo: wingi. Novartis ilipitisha zaidi ya molekuli milioni 2 kwenye vimelea ndipo ikapatikana familia iliyozaa ganaplacide, dawa ya malaria ambayo matokeo ya awamu ya tatu ya majaribio yake yalitangazwa Novemba 2025. Hapakuwa na akili mnemba pale mwanzoni, ni roboti na subira tu. GSK nayo, katika kituo chake cha Tres Cantos nchini Hispania, ilijaribu karibu molekuli milioni 2, na mwaka 2010 ikafanya jambo la ukarimu: ikazitoa hadharani 13,533 zilizozuia vimelea kukua.

Sisi wa maabara ndogo tuliishi kwa ukarimu huo. Unachukua molekuli moja iliyoonyesha dalili, unabadilisha kona hii, unapeleka ijaribiwe, unabadilisha kona ile. Uchaguzi wa kona ulikuwa wa jicho. Mkemia mzoefu akitazama mchoro anahisi kwamba hapa pakiwekwa florini ini halitaivunja haraka, na pale pakibaki hivyo moyo utadhurika. Jicho hilo lilifunzwa kwa miaka mingi ya kushindwa, lakini kushindwa kwenyewe hakukuandikwa vizuri. Iliyofaulu ilipata makala na jedwali. Iliyoshindwa ilipata mstari mmoja daftarini, kisha sanduku kwenye friza.

Februari 2020 ilitoka makala kwenye jarida la Cell kutoka kwa watafiti wa MIT, kundi la James Collins na Regina Barzilay, kuhusu molekuli waliyoiita halicin. Kila mtu alizungumzia jina, lililotokana na HAL, kompyuta ya filamu ya mwaka 1968. Mimi nilibaki kwenye sehemu ya mbinu. Walikuwa wamechukua molekuli 2,335, wakazijaribu moja baada ya nyingine dhidi ya bakteria aina ya E. coli, na zilizozuia ukuaji zilikuwa kama 120 tu. Zaidi ya 2,000 hazikufanya lolote, nazo hazikutupwa. Ziliingizwa kwenye modeli pamoja na zile chache, kila moja ikiwa na alama yake ya ndiyo au hapana. Modeli ikajifunza jinsi sura ya "hapana" inavyotofautiana na sura ya "ndiyo". Ilipoonyeshwa hazina ya molekuli kama 6,000, ikanyoosha kidole kwa moja iliyowahi kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari, isiyofanana sana na antibayotiki tunazozijua. Baadaye ilipitishwa kwenye molekuli zaidi ya milioni 100, zikachaguliwa 23 za kujaribiwa, na 8 zikaua bakteria. Mtu asiye wa fani ataona 8 kuwa ni kidogo. Kwetu, kupata 8 kati ya 23 ni jambo la kumwita jirani aje aone.

Wenye takwimu walianza kugonga mlango wetu muda mfupi baada ya hapo. Aliyekuja kwangu ni kijana wa Kisumu, mtaalamu wa kompyuta ambaye hajawahi kushika chupa ya maabara na haoni haya kusema hivyo. Kwa kuwa tuko wawili tu tunaozungumza Kiswahili kwenye ghorofa ile, ananiita Dada. Siku ya kwanza hakuuliza tumegundua nini.

"Dada, naomba zile mlizotupa."

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, na ni kazi ambayo sijaona ikipigwa picha. Sifuri zilizomo katika daftari la maabara si za ukoo mmoja. Kuna sifuri ya molekuli iliyokutana na kimelea ana kwa ana na isimfanye kitu. Hiyo ndiyo sifuri halali. Kuna sifuri ya molekuli isiyoyeyuka, iliyotua chini ya kisahani kama mchanga, kimelea asijue hata kama ilikuwepo. Kuna iliyooza kwenye friza kabla ya kujaribiwa. Na kuna nafasi iliyoachwa wazi kwa sababu fedha za mradi ziliisha, kisha mtu mwingine alipokuwa akinakili daftari kwenye kompyuta akajaza sifuri ili safu isikae na mapengo.

Ukiilisha modeli sifuri hizo zote kwa pamoja, inazimeza bila kuuliza. Itajifunza kuchukia molekuli zenye mafuta mengi, kisha itakwambia kwa ujasiri kwamba haziui vimelea, kumbe hazikuwahi kuvifikia. Kwa hiyo tulikaa msimu mzima wa baridi tukipekua madaftari. Mimi nasoma mwandiko wa watu waliokwisha kuhama, yeye anaandika. Penye shaka tulitoa sanduku kwenye friza, tukapima usafi wa unga upya na kuujaribu tena. Ningeulizwa akili mnemba imeleta nini maabara, ningesema kwanza imeleta usafi wa kumbukumbu, ambao tulipaswa kuwa nao siku zote.

Hapa ndipo ule ukarimu wa mwaka 2010 unapoonyesha upungufu wake. Zilitolewa molekuli 13,533 zilizofaulu. Zile karibu milioni 2 zilizoshindwa zilibaki ndani. Silaumu, kwani wakati ule nani angezitaka? Lakini modeli inayosomeshwa kwa washindi pekee ni modeli ya matumaini, na kila ukiionyesha mchoro inasema huenda ukafaa. Njia moja ya kupita hapo ilitumika mwaka 2021 katika mradi uitwao MAIP, uliotoka taasisi ya EMBL-EBI ya Uingereza ikishirikiana na shirika la MMV la Geneva na kampuni za dawa. Kila mwenye data aliifundisha modeli ndani ya kuta zake, kwa molekuli zake za siri zikiwemo zilizoshindwa. Kilichotoka nje ni somo lililopatikana, wala si molekuli zenyewe. Masomo hayo yakaunganishwa. Napenda namna ile kwa sababu haimwombi mfanyabiashara awe mtakatifu.

Modeli yetu ilipoanza kupendekeza, ilikuwa na kiburi cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ilichora pete juu ya pete, na naitrojeni zilizopangana kwa namna ambayo ingelipuka mikononi. Kijana wangu alikuja na orodha, uso unang'aa.

"Dada, hizi zina alama za juu kabisa."

"Hii ya nne utaianzia wapi?"

"Kwani haitengenezeki?"

"Inatengenezeka. Ukinipa miezi minane na mtu wa kunisaidia."

Sasa modeli inaulizwa mapema kama kuna njia ya kemia ya kufika pale inapotaka, na zipo programu zinazopendekeza njia yenyewe hatua kwa hatua. Nazitumia. Hukosea kwenye joto na kwenye viyeyusho, kama vitabu vya mapishi, lakini mara nyingine hunikumbusha mmenyuko niliousoma chuoni na kuusahau.

Kuhusu AlphaFold, programu inayokadiria maumbo ya protini, nitasema machache, maana imeshaimbwa vya kutosha. Mwaka 2022 yalitolewa makadirio ya maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, zikiwemo za kimelea cha malaria ambazo hakuna aliyewahi kuzigandisha na kuzipiga eksirei. Demis Hassabis na John Jumper walipata Nobel ya kemia ya mwaka 2024 kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker aliyebuni protini mpya, na ninaona walistahili. Kwangu mimi umbo la protini ni ramani ya nyumba. Linasaidia sana, ila halikwambii nani amelala chumba gani usiku huo.

Linaloninyima usingizi ni mambo ambayo hakuna modeli itakayoyajua kwa sababu hakuna aliyeyapima. Kimelea tunachokitumia maabara kila siku, kiitwacho NF54, kilitoka kwa mgonjwa wa Uholanzi aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol na kuambukizwa hapohapo, na mbu anayedhaniwa kufika kwa ndege. Kimekuwa kikifugwa kwa zaidi ya miaka 40. Sehemu kubwa ya data za malaria duniani ni habari za kimelea huyu na jamaa zake wachache wa maabara. Lakini vimelea vya Rwanda vilishathibitishwa kuwa na badiliko la R561H linalopunguza nguvu ya artemisinin, dawa kuu ya malaria, badiliko hilo limeonekana pia Karagwe, mkoani Kagera, na kaskazini mwa Uganda kuna mabadiliko mengine yenye kazi ileile. Modeli iliyosomeshwa kwa NF54 haijawahi kukutana na mgonjwa wa Karagwe.

Ini nalo ni hivyohivyo. Kabla molekuli haijaendelea, tunaipima kwa vimeng'enya vya ini la binadamu vinavyouzwa kwenye vichupa vidogo, mchanganyiko kutoka kwa watu wengi waliotoa viungo vyao baada ya kufa. Wengi wao si Waafrika. Wasomaji waliowahi kumeza efavirenz kwa ajili ya VVU watakumbuka kizunguzungu na ndoto za kutisha. Sababu mojawapo ni aina ya kimeng'enya CYP2B6 inayoivunja dawa polepole, aina ambayo iko kwa wingi zaidi kwetu kuliko Ulaya, hivyo dozi iliyomtosha mtu wa kule ilimzidia mtu wa huku. Jambo hilo lilijulikana dawa ikiwa tayari midomoni mwa watu. Sasa tunajenga modeli za kutabiri ini litafanya nini, na tunazijenga kwa vichupa vilevile. Wapo wanaojitahidi kubadilisha hali hiyo hapa Afrika, nami niko upande wao, lakini kichupa cha ini la Mwafrika bado ni kitu cha kutafuta kwa barua nyingi.

Ndiyo maana sishangilii wala sibezi habari za dawa zilizobuniwa na mashine. DSP-1181 ya kampuni za Exscientia na Sumitomo ilitangazwa mwaka 2020 kwa shangwe: hatua za ubunifu zilichukua chini ya miezi 12, na molekuli zilizotengenezwa zilikuwa kama 350 tu, kazi ambayo kwa kawaida huchukua miaka kama minne na nusu. Ikaingia awamu ya kwanza, haikufikia vigezo, ikaachwa. Rentosertib ya kampuni ya Insilico, kwa ugonjwa wa kovu la mapafu, imefika mbali zaidi. Mashine ilipendekeza protini ya kulengwa na molekuli ya kuilenga, na mwaka 2025 matokeo ya awamu ya pili kwa wagonjwa 71 nchini China yalionyesha kwamba waliopewa dozi ya juu waliongezeka pumzi kwa wastani wa mililita 98.4 katika wiki 12, huku waliopewa dawa bandia wakipungua mililita 20.3. Ni wagonjwa wachache na muda mfupi, lakini ni watu wenye mapafu, si michoro kwenye skrini. Hata hivyo dawa iliyobuniwa hivyo tangu mwanzo haijafika kwenye kaunta ya duka la dawa.

Mwaka huu orodha yetu ya kutengeneza ina molekuli ambazo hakuna anayezitegemea kuua kimelea yeyote. Modeli yenyewe ndiyo iliyoziomba, kwa sababu ziko katika sehemu za kemia ambako makisio yake yanayumba zaidi, na jibu lolote, liwe ndiyo au hapana, litaisomesha kuliko molekuli nyingine inayofanana na washindi wa zamani. Mfadhili aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini alipie molekuli zitakazoshindwa. Nilimweleza kwamba modeli haijasema zitashindwa, imesema haijui, na kwamba kuinunulia ujuzi huo ni rahisi leo kuliko awamu ya pili. Alikubali kwa sharti zisizidi sehemu ya kumi ya bajeti ya vitendanishi. Kwenye jedwali la mwaka huu tumeongeza safu ya umumunyifu na safu ya usafi wa unga, na kijana wa Kisumu ameweka programu inayokataa sifuri yoyote isiyoambatana na vyote viwili.